Nambari inayoamua maisha ya mhudumu wa ndege

KATIKA miaka yake ya mwisho kazini, Bette Nash alikuwa na uhuru ambao wahudumu wengi wa ndege nchini Marekani huusubiri maisha yao yote. Angeweza kuomba takriban safari yoyote ya shirika lake na kuipata bila kushindana na mtu. Lakini kila mwezi aliomba safari ile ile fupi kati ya Washington na Boston, ambayo abiria huimaliza kabla hata hajaanza kusinzia.

Sababu yake haikuwa ngumu kuelewa. Nash alikuwa na mwana mwenye ulemavu aliyehitaji kutunzwa, na safari hiyo ilimwezesha kurudi nyumbani kila jioni. Alianza kazi mwaka wa 1957 katika shirika la Eastern, akapitia kwa waajiri kadhaa hadi akajikuta American Airlines. Alipofariki Mei 2024 akiwa na umri wa miaka 88, Guinness World Records ilikuwa imemtambua kuwa mhudumu wa ndege aliyefanya kazi kwa muda mrefu zaidi duniani.

Abiria aliyemwona Nash akigawa vinywaji pengine alidhani kwamba mama huyo amepewa safari nyepesi kwa sababu ya umri wake. Haikuwa hivyo. Hakuna aliyemwonea huruma wala kumpendelea. Alikuwa anatumia haki yake iliyotokana na ukongwe kazini, yaani idadi ya siku ambazo mtu ameitumikia kazi hiyo katika shirika husika.

Katika mashirika makubwa ya ndege ya Marekani, ukongwe si jambo la heshima tu kama ilivyo katika ofisi nyingi. Ni orodha iliyochapishwa. Kila mhudumu ana nambari yake, kuanzia moja hadi maelfu, na nambari hiyo hutegemea siku aliyoanza kazi. Haibadilishwi na bidii, wala tabasamu, wala barua za pongezi kutoka kwa abiria. Mtu husogea juu wakati tu aliye mbele yake anapostaafu, anapojiuzulu, anapofutwa au anapokufa.

Wanaoajiriwa siku moja nao ni lazima wapangwe, kwani orodha haiwezi kuwa na watu wawili katika nafasi moja. Kuna mashirika ambayo hutazama umri, aliyezaliwa mapema akawekwa juu. Mengine hutumia tarakimu za mwisho za nambari ya hifadhi ya jamii ambayo kila mfanyakazi wa Marekani huwa nayo. Hivyo basi, watu wawili walioketi dawati moja katika chuo cha mafunzo wanaweza kutofautiana maisha yao yote kwa sababu ya tarakimu ambayo hakuna kati yao aliyeichagua.

Nambari hiyo huamua nini hasa? Kwanza ni ratiba ya mwezi. Shirika hutayarisha safari zote za mwezi unaofuata, na kila mhudumu huwasilisha maombi yake kwa kompyuta: anataka kwenda wapi, siku zipi apumzike, na wakati mwingine afanye kazi na nani. Maombi ya nambari moja hushughulikiwa kwanza, kisha ya nambari mbili, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Walio chini hupata makombo.

Pili ni kituo cha kazi, yaani jiji ambalo safari za mhudumu huanzia na kuishia. Tatu ni likizo. Anayetaka kuwa nyumbani siku ya Krismasi lazima awe na miaka ya kutosha, la sivyo ataisherehekea sikukuu hiyo akiwa angani au katika hoteli. Hata nafasi ya kusimama ndani ya ndege, iwe ni kwenye daraja la kwanza au nyuma karibu na vyoo, huchaguliwa kwa kufuata orodha hiyo hiyo. Na shirika linapopunguza wafanyakazi, anayetoka kwanza ni yule aliyeingia mwisho.

Jambo moja huwashangaza wengi wanaoutazama mfumo huu kutoka nje. Ukongwe hauleti pesa nyingi kama inavyodhaniwa. Kiwango cha malipo kwa saa hupanda kila mwaka kwa takriban miaka 12 au 13, kisha hufika kileleni na kusimama. Baada ya hapo, mwenye miaka 15 na mwenye miaka 45 hulipwa sawa kwa saa. Kinachowatofautisha ni udhibiti wa wakati wao wenyewe, na kwa kazi inayomtoa mtu nyumbani usiku baada ya usiku, wakati ni mali kuliko fedha.

Maisha ya aliye chini ya orodha ni tofauti kabisa. Mara nyingi huwa mhudumu wa akiba. Hana safari zake mwenyewe. Hukaa akisubiri simu, na ikilia kwa sababu mwenzake ameugua au hali ya hewa imevuruga ratiba, hutakiwa kufika kiwanja cha ndege kwa muda mfupi aliopewa. Hulipwa kiwango cha chini cha saa kilichohakikishwa katika mkataba, aitwe asiitwe. Katika vituo vingine mtu hutoka akiba baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwingineko, wapo waliobaki humo zaidi ya miaka 10.

Isitoshe, wapya ndio hupelekwa katika vituo ambavyo wakongwe wamevikimbia, na aghalabu hayo ni majiji ambayo kodi ya nyumba haishikiki. Mhudumu anayeishi na wazazi wake katika jimbo la mbali hupangiwa New York, na kwa kuwa hawezi kumudu kodi ya huko peke yake, hukodi kitanda katika chumba chenye vitanda vya ghorofa pamoja na wenzake wengi. Husafiri kutoka kwao hadi kituoni kwa kiti kilichobaki wazi katika ndege, na safari hiyo ya kwenda kazini hailipwi.

Kuna mambo ambayo ukongwe hauwezi kuyagusa kwa sababu yamewekwa na sheria. Mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani, FAA, huagiza idadi ya wahudumu kulingana na viti: ndege yenye viti kati ya 20 na 50 iwe na mmoja, kati ya 51 na 100 wawili, na zaidi ya hapo aongezwe mmoja kwa kila viti 50 au sehemu yake. Ndiposa ndege iliyo tayari kuondoka inaweza kuzuiliwa langoni, abiria wakinung'unika, kwa sababu mhudumu mmoja tu hajafika.

Mapumziko nayo yana sheria. Kwa miaka mingi mhudumu alistahili saa 9 za kupumzika baada ya zamu, ambazo shirika lingeweza kuzipunguza hadi 8. Ukitoa muda wa kutoka kiwanjani, kufika hotelini, kula, kuoga na kurudi, saa za kulala zilibaki chache mno. Bunge la Marekani liliagiza mwaka wa 2018 kwamba mapumziko hayo yawe saa 10 yasiyoweza kupunguzwa, sawa na ya marubani. Kanuni yenyewe ilitolewa Oktoba 2022, miaka minne baadaye.

Kuhusu malipo, desturi ya sekta hiyo ilikuwa kwamba saa ya mhudumu huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka langoni na huisha inapofika lango jingine. Wakati abiria wanapoingia na kugombania nafasi ya mizigo juu ya viti, mhudumu anayewasaidia alikuwa hahesabiwi kuwa kazini kwa malipo hayo. Delta ilianza kulipa nusu ya kiwango kwa muda huo Juni 2022, na American ikafuata katika mkataba uliopitishwa na wahudumu wake mwaka wa 2024.

Ni vyema kutaja kwamba Delta haina chama cha wahudumu. Kura za kuunda chama zilipigwa 2002, 2008 na 2010, na zote zikashindwa. Hata hivyo Delta nayo hupanga wahudumu wake kwa ukongwe. Hii inaonyesha jinsi desturi hiyo ilivyozama katika kazi yenyewe. Mwajiri ambaye halazimishwi na mkataba wowote bado anaona ni nafuu kufuata tarehe kuliko kuwaachia wasimamizi waamue nani aende Paris na nani alale kiwanjani.

Desturi hiyo ilirithiwa kutoka kwa reli. Sheria ya kazi ya reli ya mwaka wa 1926 ilipanuliwa mwaka wa 1936 ili iyahusu mashirika ya ndege, na pamoja nayo zikaja tabia za wafanyakazi wa reli, ambao tayari waligawana zamu kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa. Lakini kwa wanawake waliohudumu ndani ya ndege, orodha hiyo kwa muda mrefu haikuwa na maana yoyote.

Mhudumu wa kwanza wa kike, Ellen Church, aliruka mnamo Mei 1930 na shirika la Boeing Air Transport. Alikuwa muuguzi, na yeye na wenzake wa mwanzo walitakiwa wawe wauguzi, wasiwe wameolewa, wawe wadogo wa umri na wepesi wa mwili. Miongo miwili baadaye masharti yalizidi. American iliweka mwaka wa 1953 sheria ya kumwondoa mhudumu wa kike angani akitimiza miaka 32. Aliyeolewa aliondoka. Aliyepata mtoto aliondoka. Ukongwe wamfaa nini mtu ambaye kazi yake imepangiwa kuisha kabla hajaupata?

Sheria ya haki za kiraia ya mwaka wa 1964 ndiyo iliyobadili mambo, ingawa si kwa siku moja. Kupitia malalamiko na kesi za mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini, marufuku ya ndoa na ya umri yaliondolewa, na wanaume nao wakapata haki ya kuajiriwa katika kazi ambayo baadhi ya mashirika yaliitenga kwa wanawake. Hapo ndipo wahudumu walipoanza kuzeeka kazini, na nambari ikawa na thamani.

Hakuna shirika ambalo historia yake inaonyesha thamani hiyo, na uchungu wake, kama Trans World Airlines, lililojulikana kwa ufupi kama TWA. Mara tatu wahudumu wake waliona ukongwe ukibishaniwa, na mara mbili kati ya hizo mgogoro ulifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Mara ya kwanza ilihusu akina mama. Hadi mwaka wa 1970, TWA ilikuwa ikiwaondoa angani wahudumu wa kike waliopata watoto, huku wanaume waliokuwa baba wakiendelea na kazi kama kawaida. Kesi ilifunguliwa, ikachukua miaka 12. Mnamo 1982 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wanawake hao wangeweza kurudishiwa si kazi pekee bali pia ukongwe wao, kana kwamba hawakuondoka. Waliopinga agizo hilo la ukongwe walikuwa chama cha wahudumu wenyewe, maana kila mama aliyerudishwa mahali pake aliwasukuma chini wote waliokuwa nyuma yake. Chama hakikuwa na moyo mgumu kuliko vyama vingine. Ni hulka ya orodha: haki ya mmoja hutolewa mfukoni mwa jirani yake.

Mara ya pili ilikuwa mgomo. Mnamo Machi 7, 1986, wahudumu wa TWA, wakati huo ikiwa chini ya mfanyabiashara Carl Icahn, waliacha kazi baada ya mazungumzo ya mkataba kukwama. Shirika liliajiri wengine, na pia likawaahidi wagomaji watakaorudi mapema kwamba hawataondolewa katika nafasi walizozikuta wazi. Wengi wa waliokubali mwaliko huo walikuwa wachanga kazini, na sababu ni dhahiri: mgomo uliwafungulia vituo na safari ambazo wangezingoja kwa miaka.

Siku 72 baadaye chama kilikubali kurudi bila masharti, lakini milango ilikuwa imefungwa. Wagomaji 197 tu, waliokuwa wakongwe kuliko wote waliostahimili mgomo hadi mwisho, ndio walioitwa kujaza nafasi zilizopo. Wengine walibaki nje wakiwatazama wadogo wao wakiruka. Chama kilishtaki, kikidai kwamba mkongwe aliyegoma anapaswa kumwondoa mchanga aliyevuka mstari.

Mnamo Februari 1989 Mahakama ya Juu ilikataa. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwamba mwajiri halazimiki kuwafukuza waliorudi mapema ili kuwapisha wagomaji. Wagomaji hawakupoteza ukongwe wao. Mgomaji akishaitwa kazini angeutumia kama awali kuomba ratiba na nafasi mpya. Asichoweza ni kuutumia kumng'oa mtu aliyekwisha kukalia kiti. Tofauti hiyo inaonekana ndogo katika karatasi. Kwa aliyekuwa na miaka 20 na hana kazi, ilikuwa tofauti ya kila kitu.

Kabla ya kufika mara ya tatu, yafaa kueleza kwamba ukongwe wa Marekani hauhamishiki. Mhudumu mwenye miaka 25 katika shirika moja akihamia jingine huanza chini kabisa, kwa mshahara wa mwanzo na kusubiri simu. Ndiyo sababu kufungwa kwa Eastern na Pan Am, yote mwaka wa 1991, kuliwaumiza watu kuliko kufungwa kwa kiwanda. Fundi wa kiwanda akipata kazi kwingine huenda na ujuzi wake na hulipwa kwa ujuzi huo. Mhudumu huacha nyuma kila alichokijenga.

Hapa Kenya sheria inatazama jambo hili kwa jicho jingine. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi azingatie muda waliotumikia, lakini pia ujuzi, uwezo na kutegemeka kwao. Muda ni kigezo kimoja kati ya vingine, na jinsi ya kuvipima ni jambo linaloweza kufikishwa mahakamani. Kwa vijana wa Kenya walioajiriwa na mashirika ya ndege ya Milki za Kiarabu, hata mizani hiyo haipo mikononi mwao, kwani nchi hiyo hairuhusu vyama vya wafanyakazi, na bila chama hakuna anayeketi mezani na mwajiri kuandika orodha ambayo mwajiri hawezi kuibadilisha.

Turudi TWA. Mnamo Januari 2001, likiwa limefilisika kwa mara ya tatu katika muda wa miaka 10, shirika hilo lilikubali kununuliwa na American. American ilitaka kwanza vyama vya wafanyakazi wa TWA viachilie kinga zilizokuwa katika mikataba yao, zilizohitaji msuluhishi apange orodha endapo shirika lingeunganishwa na jingine. Wakiwa na hofu kwamba mnunuzi angeondoka na TWA ifungwe, vyama viliachilia.

Chama cha wahudumu wa American kiliamua kwamba wenzao wapatao 4,000 wa TWA wawekwe chini ya mhudumu wa mwisho wa American. Tarehe yao mpya ya ukongwe ikawa Aprili 2001. Mwanamke aliyeanza kuhudumu katika miaka ya sitini sasa alikuwa chini ya msichana aliyemaliza mafunzo majira ya baridi yaliyotangulia. Kwa malipo, miaka yake ilihesabiwa. Kwa ratiba na kwa kuachishwa kazi, haikuhesabiwa.

Wahudumu wa American walikuwa na hoja yao, na si haki kuipuuza. TWA ilikuwa inakufa; bila ununuzi huo, wahudumu wake wangekuwa nje wote. Kwa nini, waliuliza, mtu wa kampuni iliyozama aje kumsukuma chini mtu wa kampuni iliyomwokoa? Lakini miezi mitano baada ya tarehe hiyo mpya, mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yaliwatisha abiria na kuyakausha mapato ya mashirika ya ndege. American ilianza kupunguza watu kuanzia chini ya orodha, na chini ya orodha walikuwa watu wa TWA. Kufikia Julai 2003 wahudumu wote wa zamani wa TWA walikuwa wamesimamishwa kazi bila malipo, hata wenye miaka zaidi ya 30 angani.

TWA ilikuwa na makao makuu St. Louis, jimbo la Missouri, na kilio cha wahudumu hao kiliwafikia maseneta wa jimbo hilo. Claire McCaskill wa chama cha Democratic na Kit Bond wa Republican walidhamini sheria iliyotiwa saini Desemba 2007. Inasema kwamba mashirika mawili yanapoungana, orodha za ukongwe ziunganishwe kwa njia ya haki na usawa, na wasipoafikiana, msuluhishi aamue. Utaratibu wenyewe haukuwa mpya. Ulitokana na kanuni zilizotungwa mwaka wa 1972 mashirika ya Allegheny na Mohawk yalipoungana, ambazo zilipoteza mlinzi wake serikali ilipoacha kuyasimamia mashirika hayo baada ya 1978. Pale ambapo wafanyakazi wa pande zote mbili wako chini ya chama kimoja, kanuni za chama hicho ndizo hufuatwa.

Sheria haikuharakisha mambo. United na Continental ziliungana mwaka wa 2010, lakini wahudumu wao hawakupata mkataba wa pamoja hadi 2016, na hawakuanza kufanya kazi katika ndege moja hadi Oktoba 2018. Kwa miaka minane abiria alinunua tiketi ya shirika moja, lakini wahudumu wa pande hizo mbili hawakuweza kuchanganyika.

Wala sheria haikurudi nyuma kuwafikia wale ambao kisa chao kiliizaa. Mkataba wa American ulimpa aliyesimamishwa miaka mitano ya kungoja kuitwa tena, na kwa baadhi ya watu wa TWA simu ilianza kulia mwaka wa 2007. Waliorudi walivaa sare ya American, wakalipwa kama watu wa miaka 30, na wakaomba ratiba kama watu walioajiriwa jana, maana nyuma yao hapakuwa na mtu. Mwishoni mwa 2012 American ilitangaza kwamba ingeajiri wahudumu wapya 1,500.